Nani Alikizika Kiswahili? Uhakiki wa Utani Mmoja Unaposikilizwa Kutoka Wandegeya

Ikisiri

Makala haya yanahakiki utani unaofahamika sana miongoni mwa wanazuoni wa Kiswahili Afrika Mashariki, usemao kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda na kikazikwa Kongo. Utani huo unachukuliwa hapa kuwa matini fupi ya simulizi na unasomwa kwa kutumia dhana ya dharau ndogondogo. Makala yanaonesha kwamba historia haiuthibitishi utani huu, kwamba sarufi yake inamficha mtenda, na kwamba haukidhi masharti ya utani kama desturi zetu zinavyoyajua. Hoja kuu ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili wa Kampala hudharauliwa mara mbili: nyumbani hushukiwa kwa sababu anakizungumza, na mbele ya wataalamu hubezwa kwa namna anavyokizungumza. Sera ya kukieneza Kiswahili nchini Uganda haiwezi kufanikiwa huku watu wanaokizungumza tayari wakinyamazishwa. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo manne.

Istilahi msingi: dharau ndogondogo, utani, Kiswahili sanifu, lahaja, Uganda

1.0 Utangulizi

Mtu yeyote aliyehudhuria makongamano ya Kiswahili katika ukanda huu ameusikia utani huu, na huenda ameusimulia. Maneno hubadilika kidogo kutoka msimulizi mmoja hadi mwingine, lakini mpangilio haubadiliki: safari huanzia kisiwani na kuishia kaburini. Kwa kawaida husimuliwa mwanzoni mwa wasilisho ili kuuchangamsha ukumbi. Ukumbi hucheka. Wajumbe kutoka Uganda na Kongo nao hucheka.

Mwandishi wa makala haya amewahi kuusimulia. Ninatumia nafsi ya kwanza hapa kwa makusudi, kwa kuwa uhakiki wa aina hii hauna uzito ikiwa mhakiki anajiweka nje ya kosa analolihakiki. Niliusimulia katika ukumbi mmoja uliojaa walimu, nikapigiwa makofi, nikaendelea na mada yangu kuhusu ueneaji wa Kiswahili. Wakati huo sikuona kwamba utani wangu na mada yangu vilikuwa vikipingana.

Nililiona hilo baadaye, Wandegeya. Mtaa huu uko chini ya kilima cha Makerere, kando ya Barabara ya Bombo, katikati ya chuo kikuu na hospitali ya Mulago. Ni mtaa wa wanafunzi, wauguzi, waendesha bodaboda, wasusi na wauza vyakula. Katika kipindi nilichoishi karibu na hapo, kila jioni nilinunua chapati na mayai, mlo ambao Kampala yote huuita roleksi, kwa kijana mmoja aliyepika kwa jiko la mkaa kando ya njia. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiswahili. Aliniuliza, "Bosi, leo wewe nataka mayai ngapi?" nami nikamjibu. Alinisimulia habari za kwao West Nile, za bei ya unga, na za mtoto wake aliyekuwa anaanza shule. Kwa miezi kadhaa sikuwahi kushindwa kumwelewa, wala yeye hakuwahi kushindwa kunielewa.

Siku moja aliniuliza kazi yangu. Nilimwambia kwamba ninafundisha Kiswahili. Akatulia kidogo, kisha akasema, "Samahani, mwalimu. Kiswahili yangu ni mbaya." Akacheka, akaongeza, "Si nyinyi nasema ilikufa hapa?" Tangu jioni ile alinisemesha Kiingereza, lugha ambayo alikuwa na maneno yake machache ya kuuzia tu. Habari za West Nile zikakoma.

Hakuna aliyemtukana kijana yule. Utani ulikuwa umemfikia zamani, kwa njia asiyoikumbuka na kutoka kwa watu asiowajua, na ulifanya kazi yake pale tu alipotambua kwamba anaongea na mmoja wa wenye lugha. Makala haya yanajaribu kueleza kazi hiyo.

2.0 Dhana ya Dharau Ndogondogo

Mwaka 1970 Chester Pierce, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika kuhusu vitendo vidogo vya kila siku ambavyo Wamarekani Weusi walitendewa na Weupe: kutazamwa, kupuuzwa, kusemeshwa kwa namna fulani. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kitendo kikitazamwa peke yake kinaonekana hakina uzito, lakini mlimbikizo wake humlemea mtendewa. Mwaka 2007 Derald Wing Sue na wenzake waliviainisha vitendo hivyo katika makundi matatu: mashambulizi ya wazi, matusi yaliyofichika, na ubatilishaji, yaani kauli zinazokanusha uzoefu au hata uwepo wa mtu.

Dhana hii imepingwa pia. Mwaka 2017 mwanasaikolojia Scott Lilienfeld alidai kwamba mipaka yake haijabainishwa vya kutosha, na kwamba kitu kinachotegemea tafsiri ya mtendewa peke yake ni vigumu kukipima. Pingamizi hilo ni la haki. Ndiyo maana makala haya hayajengi hoja juu ya hisia za msikilizaji pekee, bali yanaichunguza matini yenyewe: inasema nini, inamficha nani, na inafanya kazi gani mahali inaposemwa.

Kwa Kiswahili tunayo maneno ya karibu. Mwambao una vijembe, neno lenye picha ya wembe mdogo unaochanja bila kuonekana. Hata hivyo, mrusha kijembe huwa anajua anachokifanya, na mrushiwa naye hujua. Ni mchezo wa watu wawili wanaofahamiana. Masimango hutanguliwa na fadhila. Kejeli na dhihaka hutaja nia. Jambo tunalolijadili hapa linaweza kufanywa na mtu mwema, asiye na nia mbaya, anayependa lugha na wazungumzaji wake. Kwa hiyo ninatumia dharau ndogondogo, huku nikikiri kwamba udogo huo hupimwa na mtendaji. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

3.0 Uhakiki wa Matini

3.1 Sarufi ya mazishi

Utani huu ni wasifu mfupi. Lugha imefanywa mtu: inazaliwa, inakua, inaugua, inafa, inazikwa. Baada ya kitenzi cha kwanza chenye -li-, vitenzi vyote vinavyofuata vinabeba -ka-: kikakulia, kikaugua, kikafa, kikazikwa. Kiambishi hiki ndicho cha ngano na hadithi zetu. Huonesha mfuatano na humfanya msikilizaji aone kila hatua kama matokeo ya hatua iliyotangulia. Kiswahili kingefikaje Kongo bila kwanza kufa Uganda? Sarufi imekwisha kujibu kabla ya swali kuulizwa.

Mpangilio wa mahali nao si wa bahati. Unafuata njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Unguja kuingia bara hadi maziwa makuu. Misafara ilibeba bidhaa na lugha. Utani umeigeuza njia ileile kuwa ya maradhi. Kadiri mtu anavyoishi mbali na pwani, ndivyo anavyosogezwa kaburini.

Kitenzi cha mwisho ndicho chenye siri zaidi. Kuzaliwa, kukulia, kuugua na kufa ni mambo yanayompata mtu, havihitaji mtenda. Kuzikwa kunamhitaji. Lakini kauli ya kutendwa imemwondoa. Nani alikizika? Matini haisemi. Msikilizaji huchukulia kwamba ni Wakongo wenyewe, watu wanaokizungumza Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani. Yaani wale wanaokitumia kila siku sokoni, kanisani na nyumbani ndio wanaoambiwa kwamba wamekifukia. Kwa istilahi ya Sue na wenzake, huu ni ubatilishaji: mzungumzaji anaelezwa kwamba anachokizungumza hakipo.

3.2 Historia inasema nini

Tukiupima utani huu kwa kumbukumbu, kila hatua yake inayumba. Tuanze na Kenya, ambako Kiswahili kinasemwa kiliugua. Pate, Lamu na Mombasa ziko Kenya. Utendi wa Tambuka, ambao ni miongoni mwa tendi kongwe zaidi za Kiswahili zenye tarehe, uliandikwa Pate mwaka 1728. Muyaka bin Haji alitunga Mombasa kabla ya katikati ya karne ya 19. Ugonjwa huo unaonekana tu kwa anayesahau kwamba Kiunguja ni lahaja mojawapo, na kwamba kufanywa kwake msingi wa usanifishaji ulikuwa uamuzi wa kiutawala uliofikiwa mwishoni mwa miaka ya 1920.

Sasa Uganda. Kiswahili kilifika katika ikulu ya Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani kabla ya Mzungu yeyote. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijifunza Kiarabu na Kiswahili, na Henry Morton Stanley alipofika kwake mwaka 1875 mazungumzo yalifanyika kwa Kiswahili. Alama za muda huo bado zimo katika Kiganda. Mtu anaponunua kitu Wandegeya leo huingia edduuka, huuliza essaawa, hununua ekitabo, huketi kwenye emmeeza. Kibarua wa mizigo huitwa omupakasi, na humo mpagazi wa misafara bado anasikika.

Lipo jambo jingine ambalo wasimulizi wa utani huu wangepaswa kulijua kuliko watu wote. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa tarehe 1 Januari 1930 kusimamia Kiswahili sanifu ilikuwa ya nchi nne: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kuanzia mwaka 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, makao ya Kamati hiyo yalikuwa Makerere. Mlezi wa usanifu, ambaye baadaye alihamia Mombasa na kisha Dar es Salaam na kuwa chimbuko la taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili tunayoifahamu, aliishi kwa takribani muongo mmoja juu ya kilima kinachotazamana na Wandegeya. Tukikubali kwamba Kiswahili kilifia Uganda, basi tukubali pia kwamba daktari wake alikuwa amepanga chumba kwa marehemu.

Lakini historia hiyohiyo ina upande wa pili. Katika mwaka uleule wa 1952, Kiswahili kiliondolewa miongoni mwa lugha zilizotambuliwa kwa kufundishia katika shule za Uganda, isipokuwa katika shule za polisi. Lugha ilisimamiwa kileleni na ikafungiwa mlango wa darasa. Watu waliobaki nayo ni wale ambao shule haikuwa imewapa kitu kingine: askari, wapagazi, wachuuzi, wahamiaji wa kazi. Walikilea bila vitabu na bila walimu. Kusema leo kwamba wamekiua ni kuwalaumu waliokifadhili.

Kuhusu Kongo maneno machache yanatosha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kiswahili cha Katanga kimechunguzwa kwa kina, hasa na Johannes Fabian, aliyeonesha kwamba waliokuwa watumishi wa majumbani walikitumia kuandika historia yao wenyewe. Kaburi hilo lina watu wengi mno wanaozungumza.

4.0 Dharau ya Nyumbani

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kuulaumu ukumbi wa kongamano. Lakini utani hauingii katika masikio matupu. Kampala ina dharau yake yenyewe dhidi ya wazungumzaji wa Kiswahili, na dharau hiyo ina sababu zinazostahili kuelezwa kwa haki.

Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu ya Uganda, alipingwa na wengi, akiwamo Kabaka Daudi Chwa mwaka 1929. Hofu kubwa ilikuwa kwamba Kiswahili kingekuwa mlango wa Buganda kumezwa na makoloni jirani yenye walowezi. Haikuwa hofu ya kipuuzi. Baadaye lugha ikavaa sare. Ilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni la KAR, kisha ya jeshi la nchi huru. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya kuwafukuza Waasia. Waliotajirika kwa maduka yaliyoachwa waliitwa mafuta mingi. Biashara ya mlango wa nyuma iliitwa magendo. Wanajeshi wa Tanzania na wenzao walioingia Kampala mwezi wa Aprili 1979 waliitwa wakombozi, jina ambalo baada ya muda si kila mtu alilitamka kwa shukrani. Na msako wa raia katika miaka ya mwanzo ya 1980, ambapo watu walipakiwa kwenye malori na baadhi yao hawakurudi, unakumbukwa hadi leo kwa amri yake ya Kiswahili: panda gari.

Mama wa Kampala aliyeisikia amri hiyo barabarani ana haki ya kushtuka anaposikia lugha iliyoitamka. Mtaalamu wa lugha anayemwambia kwamba mtazamo wake dhidi ya Kiswahili ni potofu hajamsikiliza. Mtu huyo hana ubishi na ngeli, anakumbuka bunduki.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu hiyo hailipwi na waliotoa amri. Hulipwa kila siku na watu wasiohusika. Mtu wa kaskazini, ambako Kiswahili hutumika baina ya makabila, akikitumia Wandegeya huulizwa kwa tabasamu kama yeye ni afande. Mkimbizi kutoka Kivu, mmoja kati ya wakimbizi zaidi ya milioni moja wanaohifadhiwa na Uganda, hufungua kinywa ili aulize nauli na hujibiwa kwa nauli ya mgeni. Msichana wa Busia husifiwa kwamba anaongea Kiganda vizuri "kwa mtu wa kule". Mwanamke anayesikia Kiswahili nyuma yake hukaza mkoba kwapani. Hakuna hata kimoja kati ya vitendo hivi kinachoweza kupelekwa polisi, na anayelalamika ataambiwa kwamba ana ngozi nyembamba. Lakini vyote vinasema jambo moja: wewe si wa hapa.

Tuzingatie pia kwamba Kiswahili hapa kinafanya kazi ya pazia. Si rahisi siku hizi mtu mstaarabu kusema hadharani kwamba hawapendi watu wa kaskazini. Ni rahisi kusema kwamba hapendi lugha ya wanajeshi. Kauli ya pili inawafikia walewale wa kwanza, na msemaji anabaki na heshima yake.

Ndipo utani wa kongamano unapoingia. Mzungumzaji aliyebezwa mtaani kwa kuwa na Kiswahili angetarajia kwamba akipanda kilimani, mbele ya wanaokipenda, angepokewa kama ndugu. Badala yake anaambiwa kwamba alichonacho ni maiti. Mtaani lugha yake ni nyingi mno. Ukumbini ni pungufu mno. Hana mahali pa kusimama isipokuwa katika ukimya au katika Kiingereza. Kijana wa chapati alichagua vyote viwili.

5.0 "Lakini Ni Utani Tu"

Pingamizi la kwanza linalotarajiwa ni kwamba jamii zetu zina utani, na asiyevumilia utani si mwenzetu. Pingamizi hili ni zito kwa sababu linatoka ndani ya utamaduni wetu, na linafaa kujibiwa humohumo.

Utani wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, una masharti. Kwanza, ni wa pande mbili: anayetania hutaniwa, na jibu lake lina uzito uleule. Pili, watani hujuana kuwa ni watani. Tatu, utani una wajibu. Mtani anayemcheka marehemu msibani ndiye huyohuyo anayesaidia kazi za mazishi na kuwafariji wafiwa. Kicheko chake kina haki kwa sababu mikono yake ina kazi.

Utani wetu hauna hata sharti moja kati ya hayo. Mganda hana simulizi inayolingana nayo ya kumrudishia mtu wa Unguja; hakuna utani maarufu unaosema kwamba Kiswahili kilizaliwa Uganda kikafia baharini. Mkongo hakuulizwa kama anakubali kuwa mtani. Na msimulizi anayetangaza kifo hachukui jembe. Huendelea na wasilisho lake. Katika desturi zetu, mtu anayecheka msibani na asisaidie chochote haitwi mtani. Ana jina jingine.

Pingamizi la pili ni la kitaaluma: usanifu unahitajika, na mwalimu ana wajibu wa kusahihisha. Hilo ni kweli. Mitihani, sheria, vitabu na tafsiri za kikanda haviwezi kuendeshwa bila sanifu inayokubalika. Lakini kusahihisha na kutweza ni mambo mawili. Kusahihisha hutaja umbo, hutoa umbo mbadala, na humwacha msemaji akiwa bado msemaji. Kutweza hutaja mtu. Tuchukue sentensi ya kijana yule: wewe nataka mayai ngapi. Katika sanifu, nafsi hubebwa na kiambishi u- katika unataka. Katika Kiswahili chake, kiambishi nafsi hakipo na nafsi hubebwa na kiwakilishi huru: mimi nataka, wewe nataka, yeye nataka. Huo ni mfumo. Unatabirika, na ndiyo sababu sikuwahi kushindwa kumwelewa. Vivyo hivyo batoto na banasema za Kongo zimeweka ba- mahali pa wa-, kiambishi ambacho lugha nyingi za Kibantu, Kiganda kikiwamo, hukitumia kwa ngeli ya watu. Mwalimu anayejua hilo anaweza kumfikisha mwanafunzi kwenye sanifu kwa hatua chache. Anayejua tu kusema "Kiswahili kibovu" hana pa kuanzia.

Pingamizi la tatu ni kwamba kuna mambo makubwa zaidi: walimu hawatoshi, vitabu havitoshi, bajeti haitoshi. Sibishi. Lakini uhaba huo ndio unaofanya dharau hii kuwa ghali. Nchi yenye walimu wachache haiwezi kumudu kumpoteza hata mzungumzaji mmoja aliye tayari.

6.0 Athari kwa Sera na Mapendekezo

Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliridhia mwaka 2021 kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua za kukitumia na kukifundisha shuleni. Maamuzi haya yote yanachukulia kwamba Kiswahili kinaletwa Uganda. Hakuna hata moja linaloanzia kwa kuuliza ni nani anacho tayari. Kwa maana hiyo, sera inauamini utani: inaleta mche mpya mahali panapodhaniwa kuwa kaburi. Kutokana na uchambuzi huu ninapendekeza mambo manne.

Kwanza, vyombo vya kukuza Kiswahili vianze kwa kuwatambua wazungumzaji waliopo Uganda: wa kaskazini, wa mipaka ya mashariki, wa masoko ya mijini, wa jamii za Kiislamu na wakimbizi wa Kongo. Wahesabiwe kama rasilimali ya sera kabla ya kuhesabiwa kama wanafunzi.

Pili, mafunzo ya walimu yawe na somo la ulinganishi kati ya sanifu na vilugha vinavyozungumzwa Uganda na Kongo, ili mwalimu ajue kosa limetoka wapi na mwanafunzi asidhani kwamba kosa ni yeye.

Tatu, mtaala wa Kiswahili Uganda usiikwepe historia ya panda gari. Mwanafunzi ambaye bibi yake anaichukia lugha hii ana haki ya kuelezwa sababu darasani. Lugha inayokiri ilikopita hupokewa vyema kuliko inayojifanya mgeni asiye na hatia.

Nne, na hili halihitaji bajeti: sisi wa makongamano tuache kuusimulia utani huu kama kifungua kinywa. Sisemi upigwe marufuku. Hakuna awezaye kupiga marufuku kicheko. Nasema tuuhamishe kutoka mwanzo wa wasilisho kwenda katikati yake, mahali pa data, tuuhakiki kama tunavyohakiki matini nyingine.

7.0 Hitimisho

Makala yameuchukua utani mmoja na kuonesha kwamba chini ya kicheko chake kuna madai matatu: kwamba Kiswahili kina mwenyewe mmoja, kwamba umbali kutoka pwani ni maradhi, na kwamba wanaokizungumza mwishoni mwa njia hawakizungumzi. Historia inayakana yote matatu. Mazungumzo ya kila siku ya Wandegeya nayo yanayakana, isipokuwa pale ambapo sisi wenyewe tumewafundisha wazungumzaji kunyamaza.

Kabla ya kuondoka Kampala nilirudi kwa kijana yule. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza. Nikamwambia, kwa Kiswahili alichokuwa akinisemesha yeye zamani, kwamba mimi nataka mayai mawili. Alinitazama kuona kama ninamdhihaki. Nilikuwa nimechelewa, baada ya yote aliyokwisha kuyasikia kuhusu lugha yake, hata heshima ilimfikia ikiwa na sura ya mzaha. Alipika, nikalipa, tukaagana kwa Kiingereza.